Sifa za Wafu na Mzigo wa Walio Hai

Zamani, msafiri aliyetoka pwani kwenda Unyanyembe alikuwa hana budi, baada ya kuiacha Ugogo nyuma, kuikata nyika iliyoitwa Mgunda Mkali, nchi ya miiba na kiu. Mwisho wa nyika hiyo palikuwa na Tura, mlango wa Unyamwezi. Burton, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni tua, yaani weka mzigo chini. Jina lilifaa mahali pake. Lakini kila mpagazi alijua, na kirangozi aliyetangulia msafara alijua zaidi, kwamba kutua si kufika. Tabora ilikuwa bado mbele kwa mwendo wa siku kadhaa, na mzigo uliotuliwa jioni ulilingoja bega asubuhi.

Naanza na Tura kwa kuwa naona kosa kubwa katika desturi yetu ya kuwakumbuka marehemu waliopigania usawa wa watu wa rangi zote katika nchi hii. Tumeifanya Tura kuwa ndiyo Tabora. Waliotutangulia waliuchukua mzigo mpaka mahali fulani, wakautua kwa sababu umri uliwaishia. Nasi, badala ya kujitwika, tumeuzunguka tukiuimbia. Twasema: tazameni ulivyo mzito, tazameni mabega yaliyouchukua! Kisha twaenda zetu kulala. Nadai katika insha hii kwamba sifa za namna hiyo hazina heshima ndani yake. Ni njia ya adabu ya kuwanyamazisha wafu, na wanaofaidi kimya chao ni sisi.

Mwanafunzi mmoja, kijana hodari asiyeshindwa na sarufi wala ushairi, aliniletea insha juu ya mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, ule tunaouita Uamuzi wa Busara. Alikuwa amejaza kurasa nne. Ndani yake mlikuwa na hekima, ushujaa, mapenzi ya nchi, na jina la kiongozi mmoja lililorudiwa kama tasbihi. Nilipomaliza kusoma nikamwuliza, "Mwanangu, kitu gani kiliamuliwa Tabora?" Akafikiri, akajibu, "Waliamua kwa busara, Mwalimu." Nikamwuliza tena, "Waliamua nini?" Akanyamaza. Sikumlaumu. Aliandika kama alivyofundishwa, nasi ndio tuliomfundisha. Tulimpa sifa tukamnyima habari.

Basi kiliamuliwa nini? Katika miaka ile Gavana Twining alikuwa ameigawa siasa ya Tanganyika katika mafungu matatu ya rangi, na mgawo huo ukapewa jina la usawa. Waafrika walikuwa zaidi ya 8,000,000. Waasia hawakufika 100,000. Wazungu walikuwa kiasi cha 20,000. Tangu 1955 kila fungu lilipewa viti 10 vya wajumbe wasio maofisa wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi ulipokaribia, sheria ikasema kwamba kila mpiga kura atachagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na anayekataa kumpigia mmoja wao, karatasi yake yote imeharibika. Tena mlango wa kura wenyewe ulikuwa mwembamba. Ilimpasa mtu awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa na sheria. Kibarua wa mkonge, mkulima wa tumbaku wa Unyamwezi, na mama mchuuzi wa sokoni walibaki nje.

Hiyo ndiyo sheria iliyowekwa mbele ya wajumbe wa Tabora. Hakuna aliyeuliza kama ni ya haki, maana dhuluma yake ilijulikana na wote. Walichoulizana ni hiki: mtu aliyedhulumiwa aweza kuitumia dhuluma yenyewe kama ngazi ya kuipandia na kuiondoa, pasipo kupakwa unajisi wake? Wengi walifika wakiwa tayari kuususia uchaguzi. Nyerere aliwataka waingie. Inasimuliwa kwamba alitoa mfano wa shamba lililokomaa ambalo mbele yake pana tope: anayetaka mavuno hana budi kukubali kuichafua miguu. Baada ya mabishano makali wakakubali. Chama kikaingia katika kura tatu, kikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na shabaha yake, na katika chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959 walioungwa mkono nacho wakashinda. Hivyo ndivyo watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson na Lady Chesham walivyoingia barazani. Mpango uliokusudiwa kuwatenga watu kwa rangi ulibomolewa na wapiga kura wa rangi zote waliokubaliana.

Sasa msomaji na aone tunachopoteza tunaposema busara na kuishia hapo. Twapoteza tope. Neno busara lina sauti ya chumba kilichotulia na wazee wanaotikisa vichwa kwa kuafikiana. Mkutano ule haukuwa hivyo. Watu waliokuwa wametukanwa kwa rangi yao maisha yao yote waliambiwa wachukue kalamu, wakampigie kura mtu wa rangi iliyowatawala, kwa amri ya sheria iliyomhesabu Mzungu mmoja kuwa sawa na mamia ya Waafrika. Aliyetokwa na machozi ya hasira kwa sharti hilo hakuwa mjinga. Kukubali kulikuwa uchungu, na uchungu huo ndio uliokipa kitendo chao thamani. Sisi tumeuondoa uchungu tukabakiza utamu, kisha twashangaa kwamba vijana hawana ladha ya historia.

Hapa namleta mtu ambaye sifa zetu hazina nafasi naye. Zuberi Mtemvu, mmoja wa watu wa mwanzo wa chama, hakukubaliana na uamuzi wa Tabora. Alitoka akaanzisha African National Congress mwaka huo huo wa 1958, akidai kwamba Tanganyika ni ya Waafrika na kwamba kura tatu ni fedheha. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere akapata kura zaidi ya 21,000, mwenzake akapata zaidi ya 1,000,000. Akashindwa, na tukamfuta. Mimi siiungi mkono hoja yake. Naona ingetufikisha mahali ambapo mjukuu wa mtu anaulizwa rangi kabla ya kuulizwa jina. Lakini ghadhabu yake ilizaliwa na jeraha lile lile lililowazaa wenzake. Anayemsifu mshindi wa mabishano na kumficha aliyebishana naye humdhalilisha mshindi pia, maana ushindi usio na mshindani ni kelele tupu. Ili kumheshimu Nyerere wa 1958 kwa haki, sharti kwanza mtu aisikie hoja ya Mtemvu mpaka imtikise.

Mabishano hayo hayakufa Tabora. Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wajumbe kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, au angalau wengine wangoje. Miongoni mwao alikuwa Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, aliyesimama mbele katika mgomo mrefu wa 1960. Nyerere alisimama akasema kwa ukali kwamba uraia utakaopimwa kwa ngozi badala ya utii kwa nchi ni jambo ambalo serikali yake haitalikubali, na kwamba Bunge likitaka hivyo serikali itajiuzulu. Sheria ikapita bila kutaja rangi. Kwa maoni yangu siku ile ni kubwa kuliko siku nyingi tunazopigia ngoma, kwani ni rahisi kumkatalia adui anayekubagua, na ni vigumu sana kumkatalia ndugu anayetaka kubagua kwa niaba yako.

Lakini aliyesimama hivyo mwaka 1961 ndiye ambaye serikali yake ilipitisha mwaka 1962 sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kushtakiwa. Tumbo, baada ya kutengana na wenzake na kuanzisha chama chake, aliwekwa kizuizini kwa sheria hiyo kufuatia maasi ya askari ya Januari 1964. Mtu aliyekosea juu ya uraia alidhulumiwa na mtu aliyekuwa na haki juu ya uraia. Tukiyataja yote mawili katika pumzi moja, wapo watakaosema tumemtukana marehemu. Nasema tumemfanyia heshima kubwa kuliko zote: tumemchukua kuwa mtu, tukampima kwa kipimo alichokitengeneza mwenyewe.

Kosa la pili la sifa zetu ni kuhesabu wengi kuwa mmoja. Msafara wa zamani haukuwa kirangozi peke yake. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, imehifadhiwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Ni vema imehifadhiwa. Mwaka uliofuata maiti yake ilipita Unyanyembe ikielekea Bagamoyo juu ya mabega ya watu. Tunawajua Susi na Chuma. Waliofuatana nao walikuwa makumi, na kwa wengi wetu majina yao ni kama hayakuwapo. Tumeirithi tabia hiyo ya kumkumbuka aliyechukuliwa na kuwasahau waliomchukua, tukaipeleka mpaka katika harakati zetu wenyewe. Uamuzi wa Tabora ulikuwa maneno matupu mpaka watu walipotoka wakayapeleka vijijini, kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa gari la moshi katika reli ile inayopita Tura. Wengi wa waliowaomba wenzao wapige kura hawakuwa na sifa za kupiga kura wao wenyewe. Hebu tulitafakari hilo. Mtu asiye na darasa la nane wala pauni 150 alimwendea mwenye navyo akamsihi aitumie vizuri haki ambayo yeye amenyimwa. Ukarimu wa namna hii hauna sanamu.

Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya wanawake katika TANU tangu 1955, alikuwa na elimu ndogo ya darasa na uwezo mkubwa wa kusema. Aliiweka siasa ya usawa katika lugha ya ngoma na ya jikoni, na wanawake wakaja kwa maelfu. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa, akaachiliwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi jina lake likawa la kunong'ona. Alifariki Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na magari hupita juu yake mchana na usiku. Simkatalii barabara. Nauliza tu: katika kila watu mia wanaoipita, wangapi waweza kusema alihutubia nini?

Kosa hili si letu peke yetu, na mfano wa mbali waweza kutufungua macho. Wamarekani wanamsimulia Rosa Parks kama mshona nguo mchovu aliyekataa kukiacha kiti chake katika basi la Montgomery Desemba 1955. Miguu ilimwuma, wanasema, akachoka kusimama. Ukweli ni kwamba tangu 1943 alikuwa mwandishi wa tawi la chama cha kupigania haki za watu weusi katika mji huo, na kukataa kwake kulikuwa kwa mtu aliyejua analolifanya. Kususia mabasi kulikofuata kulidumu siku 381, na kuliwezekana kwa sababu maelfu ya watumishi wa nyumba walitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Alipofariki mwaka 2005 maiti yake ililazwa kwa heshima katika jumba la Bunge la nchi ile. Hata hivyo wengi wamebakiza uchovu wa miguu yake na kuitupa akili ya kichwa chake. Mtu mchovu hamtishi yeyote. Mtu aliyejipanga hutisha mpaka leo. Kwa hiyo sifa humchagua mchovu.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wa kwanza watasema kwamba adabu yetu yatuamuru tuwataje wafu kwa wema. Nakubali, wala sitaki kuivunja adabu hiyo msibani. Lakini chuo si matanga. Wema tunaoambiwa tuutaje ni wema waliokuwa nao, na wema wa watu hawa ulikuwa katika hoja zao. Kuwasifu kwa upole na subira, ilhali walikuwa wakali na wasiovumilia, ni kumsingizia marehemu kitu asichokuwa nacho; na kumsingizia marehemu, hata kwa sifa, ni kukosa adabu.

Wa pili watasema kwamba ubaguzi wa rangi ulikwisha wakoloni walipoondoka, basi kuufufua mjadala ni kuchokoza vidonda. Hawa nawajibu kwa ushahidi wa kazi yangu, ambayo ni maneno. Nimesikia katika kumbi za masomo kijana ambaye bibi wa bibi yake amezikwa Tabora akiulizwa kwao ni wapi, kwa kuwa jina lake ni la Kihindi. Nimesikia mwingine akiitwa Mmanga kwa kicheko, kana kwamba biashara ya pembe na watumwa ni dhambi ya damu irithiwayo na mtoto. Na jambo lililo karibu zaidi nasi, wenyeji wa njia ile ya zamani: utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini mpaka leo, posa ikiletwa, wapo wanaonong'ona kwamba ukoo fulani ulikuja na misafara kutoka Manyema, na wanaposema hivyo kila mtu hujua wanamaanisha nini. Anayewaita wenzake watumwa karne moja baada ya utumwa kufutwa, kisha akasimama siku ya kumbukumbu kuwasifu wapigania usawa, huyo amewafanya marehemu wake pazia.

Tena twajisamehe upesi mno kwa sababu neno la ubaguzi tumelifungia katika picha ya Mzungu na mbao za kukataza watu kuingia. Mbao ziliondolewa, tukadhani tumepona. Waliosimama mwaka 1958 na 1961 walikuwa na maana pana zaidi. Walisema kwamba hakuna mtu anayepaswa kuulizwa asili yake kabla ya kupewa haki yake. Hoja hiyo haina rangi ya mdhalimu ndani yake. Yamgusa Gavana, na yatugusa sisi. Hapo ndipo ulipo uzito wa mzigo, na nadhani ndiyo sababu tunapenda kuuimbia kuliko kujitwika.

Nikiulizwa basi tufanye nini, nina mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, tufundishe mabishano, tuache kufundisha matokeo peke yake. Mwanafunzi asome kura tatu kama jambo ambalo lingeweza kuamuliwa vingine. Apewe siku moja awe upande wa kususia, na siku ya pili awe upande wa kuingia. Yule kijana wangu nilimrudishia kurasa zake nne, nikamwambia aandike upya kana kwamba yeye ni mjumbe aliyetaka kususia. Alirudi baada ya juma moja na kurasa kumi na moja, uso umebadilika. "Mwalimu," akasema, "mimi nisingekubali." Nikamwambia kwamba sasa ameanza kuwaheshimu waliokubali, kwa maana amejua walikubali nini.

La pili, tukusanye majina ya wachukuzi. Bado wako wazee wa kike na wa kiume katika Tabora, Urambo, Sikonge na katika vituo vya reli, ambao wazazi wao walibeba kadi za chama ndani ya nguo na kuwalaza wageni wa mkutano. Kila mwaka wanapungua. Chuo chenye idara ya Kiswahili na kisichowaendea wazee hao kwa kalamu na daftari kimeshindwa na kazi iliyo nyepesi kuliko zote. Habari hizo ziandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mabishano yale yalifanyika ndani yake, ili mjukuu aweze kuzisoma bila mkalimani.

La tatu, siku ya kumbukumbu iwe siku ya kujiuliza. Badala ya msemaji wa sita kurudia aliyoyasema msemaji wa kwanza, mtu mmoja asimame aulize: mwaka huu, katika mji wetu, chuo chetu na nyumba zetu, nani ameulizwa asili kabla ya haki? Nani amenyimwa mke, kazi, nyumba ya kupanga au kiti cha mbele kwa sababu ya jina au ngozi au ukoo? Jibu lake litakuwa chungu, na huenda mgeni wa heshima asifurahi. Lakini nathubutu kusema kwamba marehemu tunaowakumbuka wangeukubali mkutano huo kuwa wao, na ile mingine wangeipita kama wapita njia wasiojua ni msiba wa nani.

Wapagazi wa zamani walipofika Tura waliweka mizigo chini kwa haki kabisa. Walikuwa wameikata nyika. Wale wetu nao waliikata yao, wakatua, na wamelala. Hakuna awezaye kuwaamsha wala kuwadai hatua moja zaidi. Mzigo uko pale pale walipouacha, kamba zake zimefungwa vizuri na mikono iliyoijua kazi. Umekwisha kuimbiwa vya kutosha. Kumepambazuka, na Tabora iko mbele.